Nilimwazima mjomba simu apige, jioni kijiwe kizima kinalijua salio langu: alipitia wapi?

#1 MkoroshoMmoja
Wanajamvi, habari za leo.

Naomba msaada wa kuelewa jambo lililotokea kwangu hapa Tandahimba katika msimu wa korosho uliopita. Siku malipo ya mnada yalipoingia benki, mjomba wangu alifika nyumbani akaomba simu yangu ampigie mwanawe aliyeko Masasi, kwa kuwa ya kwake ilikuwa imezima chaji. Nilifungua kufuli nikampa mkononi, naye akasogea hadi kwenye mwembe, ambako mtandao hushika vizuri, akaongea kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, kisha akairudisha na shukrani zake zote. Kabla ya magharibi, wacheza bao wa pale barabarani walikuwa wanalitaja salio langu hadi shilingi mia ya mwisho. Hakuna fedha iliyopotea, na mzee mwenyewe sijamuuliza, maana kumuuliza mjomba swali la namna hiyo huku kwetu ni kuitisha kikao cha ukoo.

Nauliza mambo mawili. Alipitia wapi? Na mtu anamwazimaje mkubwa wake simu bila kumwachia kila kilichomo, na bila kuonekana anamnyima?

#2 Fundi_Chikongola
Pole, mkuu. Hapo hakuna uchawi. Meseji ya benki huja na kiasi kilichoingia pamoja na salio lililopo, na kama iliingia wakati simu iko sikioni mwake, ilishuka juu ya kioo yenyewe bila yeye kufungua chochote. Hata kama iliingia mapema, taarifa zisizofutwa hukaa zimejipanga pale juu, na kidole kimoja kikivutwa kutoka juu kwenda chini huzionyesha zote. Nenda kwenye mipangilio ya taarifa uzime zile za meseji zisionyeshe maandishi, zibaki zikisema tu kwamba kuna ujumbe. Kwa kuazima, simu nyingi za Android zina sehemu ya Mgeni: unamfungulia, anaona simu kama mpya, picha na meseji zako hazioni.

#3 Mwalimu_Newala
Fundi ametoa ushauri mzuri, lakini una mapengo ambayo mleta uzi atakutana nayo leo hii akijaribu. Sehemu ya Mgeni ilifika kwenye simu za Android kupitia toleo la 5.0 la mwaka 2014, ila watengenezaji huamua wenyewe kuiacha au kuiondoa. Simu za Samsung kwa kawaida hazina, ingawa tableti zao zinayo. La pili ni zito zaidi, kwa kuwa mjomba alitaka kupiga simu: mgeni hawezi kupiga mpaka mwenye simu aruhusu kwenye mipangilio, na ukiruhusu, simu yenyewe hukuonya kwamba rekodi ya namba ulizopiga na kupigiwa itaonekana kwake. Kwa hiyo salio atakuwa hakuliona, lakini ataona kwamba asubuhi ile ulizungumza na nani, na katika ukoo wetu hiyo ni habari inayotosha kabisa kuanzisha mambo.

#4 Karani_Mstaafu
Mnamwonea mzee wa watu. Nimeshika mizani na daftari la chama cha msingi cha ushirika kwa miaka mingi huku Masasi, nami nasema mjomba hakuhitaji simu. Korosho hupimwa mbele ya foleni nzima, na kila aliyesimama nyuma yako anaiona mizani inaposimama. Bei ya mnada husomwa hadharani, na wakulima wenyewe ndio wanaoipokea kwa makofi au kuikataa kwa kelele. Makato ya kila kilo yanajulikana na wote. Mwenye penseli na mgongo wa pakiti ya sigara anapata malipo ya jirani yake kabla benki haijayaingiza, na atapatia hadi hiyo shilingi mia mnayoishangaa.

#5 MkoroshoMmoja
Karani, nimekuelewa na nakiri hesabu hiyo hufanyika kila msimu. Tatizo ni kwamba kilichotajwa kijiweni hakikuwa malipo ya korosho bali salio lote, na ndani yake kulikuwa na fedha ya ufuta wa katikati ya mwaka ambayo sikuigusa. Hiyo hakuna mizani iliyoionyesha siku ile.

#6 Bao_la_Alasiri
Kitumbua cha karani kimeingia mchanga. Tunasubiri penseli ya pili.

#7 Karani_Mstaafu
Penseli ya pili hii hapa: mleta uzi alilijuaje salio lake asubuhi ile? Kama alipita kwa wakala wa benki akaomba kuangaliziwa, ilitoka karatasi yenye salio, na wakala anayo nakala na ana mdomo. Ajibu hilo kabla ya kumfungia mtu mzima simu.

#8 Binti_Mikindani
Shikamooni wakubwa. Mnazungumzia fedha tu, na mimi naona fedha ndiyo ya afadhali, kwa sababu ina namba ya siri. Kuna vitu ndani ya simu zetu ambavyo si vyetu peke yetu. Likizo iliyopita tulikuwa na sherehe ya unyago nyumbani, na wanawake kadhaa walirekodi ngoma ya ndani ili ndugu walioko Dar es Salaam wasikose. Binamu yangu, mwanaume, akaomba simu ya dada yangu aangalie magoli. Data ilipokuwa inasuasua, akaingia kwenye picha kupoteza muda. Aliona asichopaswa kuona, na ubaya ni kwamba makungwi waliomo kwenye ile video hawakumwazima mtu yeyote kitu chochote. Dada aliitwa, akalipa faini ya kuku na kanga, na hadi leo simu haziingii ndani siku ya ngoma.

Tangu hapo nimejifunza kutenga. Simu za Samsung zina Folda Salama inayofunguka kwa neno lake la siri, tofauti na la kufungulia simu. Programu ya Google ya kupanga mafaili nayo ina folda ya namna hiyo, kwa simu za makampuni mengine. Kwenye WhatsApp, tangu mwaka 2023 unaweza kufunga mazungumzo ya mtu au ya kundi moja moja yakahamia mahali pao. Lakini angalieni: ukifunga mazungumzo na picha zake zilishajihifadhi kwenye matunzio ya simu, umefunga mlango na dirisha liko wazi.

#9 Nahodha_Kivinje
Ya binti ni kweli kabisa. Mimi nawaza tofauti, kwamba mnajitesa bure. Dawa ni kupiga namba wewe mwenyewe, ukaweka sauti ya nje, ukaishika simu mkononi mpaka mazungumzo yaishe. Mkubwa haoni amenyimwa, kwa sababu amehudumiwa.

#10 Mwalimu_Newala
Nahodha, kwa njia hiyo umeilinda simu yako ukamvua nguo mwenzako. Mzazi anapoomba simu kumwambia mwanawe habari ya ugonjwa au ya deni, hukutana na sauti inayosikika mpaka kwa muuza maandazi. Aliyeazima naye ana siri zake. Namba aliyopiga inabaki kwenye simu yako, na mwenye simu akiwa na tabia mbaya ataipiga kesho. Shuleni kwetu mhitimu aliazima simu ya mwenzake kufungua barua pepe yake akiombea chuo, akairudisha bila kujitoa, na mwenye simu akawa anapokea barua za mwenzake muda mrefu bila hata mmoja wao kugundua. Hapo ndipo sehemu ya Mgeni inapomfaa hata mgeni mwenyewe, kwani ukifunga kipindi chake na kukifuta, kila alichokiingiza kinaondoka.

#11 Bao_la_Alasiri
Mwalimu ameharamisha mbinu zote, amebaki na ya Mgeni ambayo simu za Samsung hazina.

#12 Mwalimu_Newala
Ya kwangu hii hapa, na ni ya bei nafuu. Nina kitochi chenye laini ya peke yake, hakina majina ya watu, hakina akaunti ya fedha, na ndani yake huweka vocha ndogo ya maongezi. Anayeomba simu napenda ajihisi huru, hivyo nampa hicho, aende nacho hata kwenye mwembe wa pili. Simu janja haitoki mfukoni.

#13 Nahodha_Kivinje
Hicho kitochi kitaalika kijiji kizima, mwalimu. Utageuka kibanda cha simu cha zamani.

#14 Fundi_Chikongola
Nimerudi. Kwanza namshukuru mwalimu kwa marekebisho ya #3, yuko sahihi kuhusu rekodi ya namba. Niongeze njia ya kubandika programu, kwa wale ambao simu zao hazina Mgeni. Unaiwasha kwenye mipangilio ya usalama, kisha unafungua sehemu ya kupigia, unaibandika, na simu inakuwa haitoki hapo. Ni lazima uweke pia kile kitufe kinachodai namba ya siri wakati wa kubandua, kwa sababu bila hicho anayejua vitufe anajibandulia mwenyewe. Haijakamilika: sehemu ya kupigia ikibandikwa, majina na rekodi yako bado anayaona, na baadhi ya programu zilizobandikwa zinaweza kufungua nyingine. Wenye iPhone hawana Mgeni kabisa, ila tangu toleo la 6 la mwaka 2012 wana kitu kinachofanana na kubandika, kiko kwenye mipangilio ya ufikivu, nacho huamshwa kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu.

Sasa niseme lililonirudisha. Mnabishana juu ya mtu mwenye macho mepesi, ilhali mwenye nia mbaya hasomi meseji. Wanaoletwa kwenye meza yangu wakilalamika kwamba siri zao zinatoka, jambo la kwanza ninalofungua ni WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Mtu akishika simu iliyo wazi, anafungua hapo, anaelekeza kamera kwenye mchoro wa miraba ulioko kwenye kompyuta au simu yake nyingine, na tangu dakika ile mazungumzo yako anayasoma akiwa kwake. Kama umeweka alama ya kidole au uso, WhatsApp huidai kabla ya kuunganisha. Simu ambayo mwenyewe hakuweka kufuli lolote haina cha kuulizia. Vifaa hivyo vinaweza kufika vinne, na havihitaji simu yako iwe hewani ndipo vifanye kazi. Mleta uzi, fungua hapo sasa hivi uangalie. Ukikuta kifaa usichokijua, kiguse ukiondoe.

#15 MkoroshoMmoja
Nimefungua. Hakuna kifaa chochote. Ila fundi, salio langu halijawahi kuandikwa kwenye WhatsApp.

#16 Wa_Ngapa_Lindi
Mimi nasoma sheria, na nashangaa hadi sasa hakuna aliyeigusa. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtu hawezi kusema kwamba, kwa kuwa nilipewa simu nipige, basi nilipewa na ruhusa ya kusoma.

#17 Karani_Mstaafu
Msomi, utampeleka mjomba mahakamani kwa kuangalia kioo?

#18 Mwalimu_Newala
Zaidi ya hapo, sheria hiyo ya 2022 inazungumza hasa na wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, kama vile benki, hospitali, kampuni za simu, na hata chama cha msingi chenye daftari la wakulima. Kinachokaribiana na simu iliyofunguliwa bila ruhusa ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, kuhusu kuingia katika mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria. Na hata hapo mwenye simu atajibu swali gumu, kwa sababu kufuli alilifungua yeye mwenyewe.

#19 Wa_Ngapa_Lindi
Nakubali sehemu hiyo, mwalimu, ila kutoa funguo ya sebule si kutoa ya chumbani. Hoja yangu inamgeukia karani: kama orodha ya malipo yenye majina na kiasi ilibandikwa ukutani au ilipitishwa mkono kwa mkono, hapo sheria ya 2022 inahusika moja kwa moja, na mjomba hahusiki kabisa.

#20 Karani_Mstaafu
Enzi zangu orodha ilibandikwa ili mkulima asidhulumiwe, aone jina lake na la mwenzake. Mkiificha, mtakuja kulalamika kwamba viongozi wanakula. Chagueni.

#21 Binti_Mikindani
Tusihame, wakubwa. Namba za siri za fedha nazo tuzitazame. Wengi wetu tumeweka mwaka wa kuzaliwa, na aliyeazima simu ni ndugu aliyekuwepo siku tulipozaliwa. Menyu ya fedha hufunguka kwa nyota na tarakimu chache hata kwenye simu iliyobandikwa upande wa kupigia, kwa hiyo ulinzi wote umebaki kwenye tarakimu nne ambazo shangazi anazijua.

#22 Nahodha_Kivinje
Binti, hapo umenifanya niinuke nikabadilishe. Asante.

#23 Fundi_Chikongola
Hilo la binti ndilo lenye hasara ya kweli, na lina ndugu yake. Aliyeshika simu anaweza kupiga *21*, akaweka namba yake na alama ya reli, na simu zako zote zinakwenda kwake. Ukitaka kujua, piga *#21# usome majibu. Kuondoa, piga ##21#, au ##002# inayofuta upitishaji wa kila aina. Akifanya hivyo anapokea na meseji zako za benki, na huenda ndiko salio lilikotokea.

#24 Mwalimu_Newala
Fundi, hapo naomba nikurekebishe tena, na usichoke nami. Upitishaji huo unahamisha simu za sauti, hauhamishi meseji. Salio halikwenda kwa njia hiyo. Hatari yake ni nyingine: mtu akiisajili namba yako ya WhatsApp kwenye simu yake, anaweza kuomba tarakimu sita za uthibitisho zisomwe kwa kupigiwa badala ya meseji, na simu hiyo ikipigwa inaita kwake. Anayewasha uthibitishaji wa hatua mbili, kwa namba ya siri ya pili ambayo haiji kwa simu wala kwa meseji, amelifunga tundu hilo. Na kwa njia fupi zaidi, aliyeazima simu anaweza kuomba tarakimu hizo zije kwa meseji, akazisoma papo hapo, akaifuta meseji, akakurudishia simu na asante.

#25 Fundi_Chikongola
Nimepokea, mwalimu. Ya sauti tu, sahihi.

#26 Bao_la_Alasiri
Mimi ni mcheza bao, ingawa si wa kijiwe hicho, na nina maelezo ambayo hamjayataja. Mjomba hakusoma kitu. Mleta uzi alipokuwa anampa simu alikuwa anacheka, jioni akanunua nyama, na mke wake akamwambia jirani. Kijiwe kikarusha namba hewani kama mtu anayekisia kete zilizomo shimoni, moja ikaangukia mahali pake. Zile zilizokosea hamkuzisikia.

#27 MkoroshoMmoja
Bao, nyama nilinunua kweli, lakini kukisia hadi shilingi mia ni zaidi ya bao. Karani, swali lako la #7 nalijibu: ndiyo, asubuhi ile nilipita kwa wakala kuangalia kama fedha imeingia, akanipa karatasi, nami niliiweka kwenye mfuko wa shati. Shati lilikuwa kwenye kamba mchana. Karatasi sijaiona tena, ila sikuitafuta.

#28 Karani_Mstaafu
Nimemaliza kazi yangu.

#29 Binti_Mikindani
Hujamaliza, babu. Karatasi kwenye shati lililoanikwa imesomwa na nani, na meseji kwenye simu iliyoko mwembeni imesomwa na nani? Zote mbili zilikuwa wazi siku moja. Na mleta uzi bado hajajibiwa swali lake la pili, la kumwazima mkubwa bila kumnyima. Mimi namwambia mjomba, «Ngoja nikutafutie hiyo namba, Mjomba, hii simu kioo chake kinasumbua kidole kisichokizoea», nafuta taarifa zote za juu huku natafuta, nabandika, ndipo namkabidhi kwa mikono miwili. Hajawahi kukasirika mtu.

#30 Nahodha_Kivinje
Na akiuliza mbona simu haitoki hapo?

#31 Binti_Mikindani
Aliyeomba kupiga hana haja ya kuuliza hilo, Nahodha. Akiuliza, nimepata habari.

#32 Wa_Ngapa_Lindi
Samahani kwa kuingilia. Nimepiga *#21# ya fundi na imeniambia hakuna kilichopitishwa, lakini nilipoendelea na *#62# imenitolea namba nisiyoifahamu kabisa. Simu yangu huazimwa sana hosteli. Nifute?

#33 Fundi_Chikongola
Hiyo ya 62 ni ya wakati simu imezimwa au haipatikani, na mara nyingi namba inayotokea ni ya huduma ya sauti ya mtandao wako, si ya mtu. Lakini si lazima. Weka hapa tarakimu chache za mwanzo tulinganishe na za wenzako wa mtandao huo huo, usiweke namba nzima.